Gernot na Kilima cha Honau

Alipostaafu unotari, kazi ya kuthibitisha hati, Gernot Häberle wa mji wa Reutlingen alinunua gari jekundu la viti viwili, lenye mngurumo wa kuamsha mtaa mzima. Mkewe, Irmtraud, alimwacha afanye apendavyo. Mzee akitaka kuonekana kijana, utamzuia kwa lipi? Kilichomshinda kuvumilia kilikuja baadaye. Mumewe alikuwa mkono wa birika tangu ujana wake, na gari lile lilikunywa petroli kama ngamia aliyetoka jangwani. Wahenga walisema ukipenda boga upende na ua lake. Gernot alilitaka boga, ua akalikataa.

Basi akaanza kulifunza gari kufunga. Aliyajaza matairi upepo mpaka yakawa magumu kama mawe, na kila shimo la barabarani Irmtraud akalipokea kwenye uti wa mgongo. Kiyoyozi kikawa haramu hata jua likiwaka. Tairi la akiba likaachwa nyumbani pamoja na jeki, maana vyote vina uzito. Gari lililoundwa kukimbia likawa linatambaa nyuma ya malori kukwepa upepo, huku dereva wake amevaa soksi tupu, eti mguu uisikie pedali. Vijana wenye vigari vya kuungaungwa walilipita wakicheka.

"Umenunua farasi wa mashindano," Irmtraud alimwambia, "halafu unamlisha kama kuku."

"Wewe hujui fizikia, Irmi."

"Aibu naijua."

Mwezi wa Juni chama cha wenye magari ya namna hiyo kikatangaza shindano. Wangetoka mjini, wapande kilima cha Honau mpaka uwanja wa juu, kila gari na watu wawili, na atakayetumia petroli kidogo kuliko wote apewe kombe. Gernot alikosa usingizi wiki nzima. Alimkataza mkewe kubeba mkoba, na asubuhi yenyewe akamuuliza kama kikombe cha pili cha kahawa kilikuwa na ulazima.

Walipofika chini ya kilima akaegesha kwenye kituo cha basi.

"Shuka kidogo," alisema bila kumtazama.

"Nishuke niende wapi?"

"Kilima hiki ndicho kinachomaliza petroli. Wakishapima nitarudi kukuchukua."

"Na hao watu wawili?"

"Nitasema umekwenda msalani."

Irmtraud alingoja acheke. Hakucheka, kidole chake kilikuwa kinagongagonga usukani. Akashuka. Gari likaondoka taratibu, likinyata kama mwizi, naye akabaki kando ya barabara na viatu vyake vya sherehe. Kwanza alipandwa na hasira. Kisha hasira ikapoa, ikabaki dharau, na dharau ilimtuliza kuliko alivyotarajia. Basi la kwenda juu lilipotokea, alipanda, akalipa kwa sarafu za mfukoni, akakaa dirishani.

Kule uwanjani Gernot alikuwa amekwisha kupanda jukwaani. Kombe liko kwapani, anawaeleza watu kwamba siri ni mguu mwepesi na nidhamu. Basi likasimama mbele yake, mlango ukafunguka, mkewe akateremka.

Mwenyekiti wa chama, Bibi Steudle, mwanamke mnene mwenye sauti ya kamanda, alitazama basi, akamtazama Irmtraud.

"Bibi Häberle, msala uko nyuma ya kibanda. Wewe umeufuata kwa basi?"

"Sikwenda msalani. Mume wangu alinishusha chini ya kilima. Nimekuwa mzito."

Mtu mmoja akacheka, wa pili akajaribu kujizuia, kisha uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Irmi, si ulikuwa unajisikia vibaya," Gernot alisema, masikio yamemwiva. "Kumbuka vizuri."

"Vibaya najisikia sasa hivi."

Bibi Steudle akanyoosha mkono. Gernot aling'ang'ania kombe kidogo, kama mtoto aliyeshika mwanasesere wa mwenzake, ndipo akalitoa.

Irmtraud alikula keki ya stroberi na wenyeji, akarudishwa mjini na Bibi Steudle kwa mwendo ambao gari la michezo linastahili. Gernot naye aliwaambia ndugu zake kwamba chombo cha kupimia kilikuwa kibovu. Mpaka leo anatambaa nyuma ya malori, peke yake.

Irmtraud alipoulizwa na dada yake kwa nini hajamsamehe mumewe, alijibu kwamba msamaha alishampa zamani. Kupanda lile gari ndiko hataki.