Anayepokea Ndiye Anayetia Sahihi

Wakili aliisoma karatasi ya mwisho ya wosia mara mbili, akavua miwani.

"Sahihi hii ya shahidi wa kwanza ni ya nani?"

"Yangu," alijibu Sindano, tena kwa fahari kidogo, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri.

"Na nyumba kaachiwa nani?"

"Mimi."

"Basi mama, umejinyima kwa mkono wako mwenyewe. Anayeshuhudia wosia hapati alichoachiwa ndani yake. Nyumba hii sasa ni kama haijaandikwa."

Sindano alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu ya ulimi wake. Asubuhi ile alikuwa amekuja kuweka tu bahasha ya wosia wa baba yake kwenye kabati la chuma la wakili, kwa kuwa saa tisa alasiri gari lingempeleka mzee hospitali, na kesho yake asubuhi angepasuliwa uvimbe tumboni. Daktari alisema moyo wa mzee umechoka. Sindano hakumwuliza zaidi.

Kosa lenyewe lilikuwa la baba yake, na ni kosa ambalo angeweza kulifanya yeye tu. Mzee alikuwa seremala kwa miaka arobaini, na katika miaka hiyo hakuna kiti wala kitanda kilichotoka karakana yake bila aliyekichukua kutia sahihi kwenye daftari. Anayepokea ndiye anayetia sahihi. Hiyo ndiyo sheria aliyoijua. Kwa hiyo alipokaa kuandika wosia wake mwenyewe, alimwita binti yake anayepokea nyumba, akamwita na mwenye mashine ya kusaga anayepokea jiliwa la kubania mbao, wakatia sahihi. Hakuwaruhusu kusoma zaidi ya mstari wa mwisho. Akafunga bahasha, akalala usingizi mnono.

"Nyumba isipoandikwa inakuwaje?" Sindano aliuliza.

"Mzee akifariki, mnagawana watoto wote."

Watoto wote walikuwa wawili. Kaka Mkubwa hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu wa haraka. Mara mbili alifika na mgeni mwenye futi ya kupimia, wakazunguka nyumba nzima kabla hajaingia kumjulia hali baba yake. Nyumba ikiingia kwenye mgawo ingeuzwa kabla matanga hayajaanuliwa, na Sindano, ambaye kwa miaka sita alikuwa akimwogesha mzee chumba cha nyuma na kushona chumba cha mbele, angetoka na cherehani yake kichwani.

"Tuandike upya, leo hii," alisema wakili. "Maneno yaleyale. Lakini nataka mashahidi wawili, wawepo pamoja mzee akitia sahihi, wasiwe wameachiwa kitu, wala wake zao wala waume zao. Mimi natakiwa mahakamani. Karani wangu atakuwa shahidi mmoja. Wa pili mtafute wewe. Asiwe mpita njia. Awe mtu anayejulikana anapoishi, kesi ikizuka apatikane. Na hospitalini usitegemee, wauguzi wamekatazwa kutia sahihi karatasi za wagonjwa."

Mtu mmoja tu! Sindano alitoka pale na nafuu kidogo. Mtaa mzima ule, akose mtu mmoja?

Karani alikuwa mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo. Alimaliza kupiga chapa saa saba, wakashika njia, bahasha kaikumbatia kifuani. Walianza kwa mshona viatu. Karani alifungua bahasha, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Yumo."

Wakaenda kwa muuza mkaa. Yumo. Mama wa genge yumo, na mumewe pia yumo. Kinyozi yumo. Kumbe mzee alikuwa na vifaa vingi kuliko watoto, na kila kifaa alikuwa amekitafutia mtu: randa kwa huyu, patasi kwa yule, hata kopo la misumari lilikuwa na mrithi. Sindano alimpenda baba yake kwa ukarimu ule, na saa ileile akatamani kumfinya.

Wakarudi kwa mshona viatu, mbio mbio.

"Kaka, nisaidie. Utie sahihi tu. Ulichoachiwa utakikosa, lakini mimi nitakupa kwa mkono wangu."

"Kumbe nimeachiwa! Nini?"

"Siruhusiwi kusema," karani alidakia. "Mwenye wosia yu hai."

"Basi dada yangu, samahani. Nijinyime nisichokijua? Pengine ni kiwanja."

"Baba hana kiwanja!"

"Ndivyo unavyodhani. Wazee wana mambo yao."

Ikawa saa nane na nusu. Jasho lilimtiririka Sindano mgongoni. Kila injini iliyonguruma aliisikia kuwa ndiyo gari la hospitali. Mtaa mzima alikuwa amebaki mtu mmoja ambaye bila shaka yoyote hakuachiwa hata msumari.

Fundi Saa aliishi nyuma ya ukuta wao. Miaka tisa iliyopita aliazima ngazi ya Seremala apande paa, akairudisha kipago kimoja kimevunjika, pale mtu anapokanyagia. Seremala alimkaripia mbele za watu akamwita mharibifu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Sindano naye, kwa ule ulimi wake, alishawahi kumrushia maneno juu ya ukuta ambayo hayafai kurudiwa hapa.

Sindano alimwacha karani atangulie nyumbani kumweleza mzee, yeye akaenda kwa jirani. Alimkuta ameinama mezani, kioo cha kazi jichoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni ngazi, sijavunja nyingine."

Sindano alieleza yote, bila kupumua, bila kuficha. Fundi Saa alisikiliza huku akiendelea kukaza skrubu ndogo kama chawa.

"Baba yako anajua umekuja huku?"

"Hajui."

"Akinifukuza?"

"Nitakusindikiza mimi mwenyewe, mzee wangu. Nakuomba. Sina pengine pa kwenda."

Mzee alitoa kioo jichoni, akanawa mikono taratibu mno, akavaa koti. Sindano alitaka kumbeba.

Seremala alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, begi miguuni. Alipomwona aliyeingia aligeukia ukuta. Fundi Saa alibaki mlangoni. Karani, ambaye ugomvi haukumhusu, alitandaza karatasi mezani.

"Majina yako kamili, mzee?"

Fundi Saa alitaja. Kidole cha karani kilishuka kwenye karatasi, kikasimama.

"Na wewe umo. Aya ya tisa."

Sindano aliketi sakafuni palepale.

"Mimi?" alisema Fundi Saa. "Hayo yatakuwa matusi."

"Msomee," alisema Seremala.

Karani alisoma: "Ngazi yangu ya vipago kumi na viwili apewe jirani yangu Fundi Saa, kwa kuwa kipago kilikuwa na ufa kabla hajaiazima, nami nilijua."

Nje gari lilipiga honi. Hakuna aliyegeuka.

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikisikia kikilia wiki moja kabla. Ulipoirudisha watu walikuwa wamejaa karakana, nikaona haya kusema kazi yangu ina ufa. Kosa langu nikakutwisha wewe."

"Miaka tisa napanda paa kwa pipa na meza juu yake. Nimeanguka mara mbili."

"Mara ya pili nilisikia kishindo," alisema Seremala. "Sikulala."

Karani alikohoa. "Mzee, ukishuhudia, ngazi unaipoteza. Usiposhuhudia, sina mwingine."

Fundi Saa alimtazama Sindano pale sakafuni, akatazama saa ya ukutani. "Saa yenu inakwenda mbele dakika nne," alisema. "Lete kalamu."

Seremala alitia sahihi kwanza. Karatasi ikaanza kuteleza. Sindano akainuka kuishika.

"Wewe usiguse!" karani alifoka, na Sindano akaficha mikono mgongoni. Fundi Saa akatia sahihi yake, kisha karani. Imekwisha. Nyumba imepona. Sindano alingoja furaha, ikachelewa.

"Dada karani," aliuliza Seremala, "nikimpa mtu kitu changu leo, kwa mkono wangu, karatasi hiyo inanizuia?"

"Uko hai, mali ni yako. Mpe umtakaye."

"Basi ngazi iko nyuma ya karakana. Kipago nilishakibadilisha zamani. Mwanangu, lete daftari."

Fundi Saa alipokea ngazi yake kwa maandishi, akapangusa macho kwa mkono wa koti. Honi ikalia tena. Lakini mzee hakulirudisha daftari. Aliandika mstari mwingine chini, polepole, akampa binti yake.

Sindano akasoma: *Seremala mmoja, wa zamani. Yuko kwa fundi, anarekebishwa tumbo.* Nafasi ya mpokeaji ilikuwa wazi.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Siku nzima alikimbilia nyumba asipate kufikiri kwa nini nyumba inahitaji wosia. Hakuitaka nyumba isiyo na mzee huyu ndani yake. Alimgeukia karani, kalamu mkononi, akiogopa kweli kweli.

"Na huu? Huu naruhusiwa kutia sahihi?"

"Huu hakuna mwingine wa kuutia," alisema karani. "Ila ngoja kwanza arudi."

Sindano aliweka kalamu katikati ya daftari, akalifunga, akabeba begi.