Chakula cha Mlingoti

Hermelindo alikuwa keshakaa kwenye kichwa cha mlingoti, juu kuliko mnara wa kanisa la Papantla, filimbi mkononi, pale shemeji yake Abundio alipoamua kutubu. Wenzake hutubu kanisani.

"Shemeji," Abundio alinong'ona kando yake huko juu, kamba kiunoni, tayari kuruka pamoja na wenzake watatu na kuuzunguka mlingoti hewani hadi chini, kama ilivyo desturi ya sikukuu. "Yule batamzinga wa shimoni..."

"Ana nini?"

"Hakuingia. Nilitupa kiroba cha mawe."

Nywele zikamsimama Hermelindo chini ya kofia ya maua. Mti ukikatwa msituni na kuletwa uwanjani, sharti ulishwe kabla ya kusimikwa: tumbaku, pombe kali na batamzinga hai, vyote shimoni. Usiposhiba, hujitafutia. Baba yake mdogo ulimchukua hivyo hivyo, sikukuu kama hii.

"Yuko wapi huyo ndege, mlafi wewe?"

"Si tulimla jana? Na wewe ukaongeza mchuzi mara mbili! Ukasema dada yangu kapika kama malaika."

Mlingoti ukaguna. Upepo haukuwepo, lakini waliyumba. Chini umati ukapiga makofi.

"Tushuke?" Abundio aliuliza.

"Tupite wapi, mdomoni mwake? Ruka. Ukifika mzima, kimbia ukamkamate batamzinga wa mama yako."

"Mama ataniua!"

"Basi apange foleni nyuma ya mlingoti."

Hermelindo akainama, akaugusa mti kwa paji la uso. "Aliyekula ni mimi," akasema. "Waache hawa."

Akapuliza. Wanne wakajiachia kichwa chini, wakazunguka, wakazunguka, mduara ukipanuka, naye akihesabu roho zao kwa kila pumzi ya filimbi, mpaka miguu yao ikagusa nyasi. Wote wazima.

Akabaki peke yake. Ndipo alipokumbuka alichoahidi, na kwa nani.

Akashika kamba ateremke. Mlingoti ukaguna, safari hii kwa chini, karibu na mizizi isiyokuwepo. Akaiachia. Akapuliza tena, ukanyamaza. Akapumzika kidogo tu, ukaguna.

Basi akapuliza, midomo ikichanika. Watu wakashangilia wakidhani wameongezewa burudani. Mbali, pembeni mwa uwanja, Abundio alikuwa anakuja mbio na batamzinga kwapani na sepetu ya kufukulia shimo begani, mama yake nyuma na ufagio.

"Wahi, Abundio," Hermelindo aliomba moyoni, maana mdomo haukuwa na nafasi. "Wahi, mama asikupate kwanza."

Pumzi ilikuwa inamwishia.