Sahani ya Alhamisi

Mhudumu wa mgahawa wa mtaani kwetu tunamwita Daftari kwa sababu hajawahi kushika daftari. Ukikaa tu anauliza, "Kama kawaida?" na chakula kinakuja bila kosa. Mume wangu alinitongozea mle, meza ya dirishani, na Jumapili tunawapeleka watoto meza ileile.

Jumapili iliyopita Daftari akaja. "Kama kawaida?"

"Kama kawaida," mume wangu akajibu, macho kwenye simu.

Alileta kuku wa binti zetu wawili, samaki wangu, maini ya mume wangu. Kisha akaweka sahani ya tano mbele ya kiti kitupu: wali laini uliolowa mchuzi, na nyama iliyokatwakatwa kama ya mtoto anayeota meno.

"Daftari, umezeeka. Hii ya nani?"

"Nizeeke mimi? Si ya bibi…" Akamtazama mume wangu. "Samahani, mama. Hiyo ni kawaida ya Alhamisi."

Mume wangu alilaza simu kifudifudi.

Bibi asiye na meno namjua mmoja tu. Mama mkwe wangu aliondoka kwangu mwaka jana, baada ya mimi kusema mbele yake kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, mwanawe achague. Akachagua. Akaniambia amemrudisha kwao, mbali, nami nikawaambia watoto bibi amekumbuka nyumbani.

"Bibi yetu anakuja?" akauliza mdogo.

"Kula."

"Ile picha niliyomchorea ilifika?"

"Ilifika," akasema baba yake. "Ameibandika ukutani."

"Ukuta wa wapi?" nikauliza.

"Amepanga chumba nyuma ya shule ya watoto."

"Uliniambia ulimpandisha basi."

"Nilimpandisha. Akashuka kituo cha pili." Alikuwa akiongea na maini yake. "Alisema akifika kule atakufa kwa ukimya. Hapa angalau anawaona wakitoka darasani. Anachungulia dirishani, hawaiti. Anakuogopa."

Mkubwa wetu, wa miaka kumi, aliacha kutafuna. Aliniangalia mimi, si baba yake.

Kila mtu anajua mdomo wangu hauna breki. Nilikuwa na maneno ya kumpa mume wangu kuhusu uongo wa mwaka mzima, na yalikuwa ya haki. Hayakutoka. Nilimwita Daftari.

"Nifungie hii sahani."

"Nimkabidhi baba watoto?"

"Nipe mimi."

Mume wangu alinishika mkono. "Tafadhali, usiende kumtukana."

Miaka kumi na mbili ya ndoa, na hicho ndicho alichokiona nikisimama na chakula cha mama yake. Ningemwahidi nini, wakati hata mimi sikujua mlango ukifunguliwa kitanitoka nini?

Nilitoka, boksi likiniunguza kiganja. Shule iko dakika saba.