Hadi Atakapopona

Jumanne saa nne asubuhi, Glenys Prowse, Kiongozi wa Upinzani katika Baraza la Juu la jimbo, alikuwa akila pai ya nyama juu ya faili zake pale Des Wincott alipoingia bila kubisha hodi. Des alikuwa mbunge wa serikali, na alikuwa amefariki alfajiri ile.

"Kaa," Glenys alimwambia. "Pole kwa msiba."

"Ahsante. Wangu mwenyewe, lakini ahsante." Des akavuta kiti. "Leo nakupa kura yangu. Wodi ya uzazi ya Karrawinga haifungwi mimi nikitazama. Wajukuu zangu wanne wamezaliwa pale."

"Mwezi jana ulikuwa unaunga mkono ifungwe."

"Mwezi jana nilikuwa na chama. Sasa watanifanya nini, wanifukuze?"

Glenys alicheka hadi akapaliwa. Serikali ilikuwa na kura kumi na moja, pamoja na ya Des, yeye kumi. Des akivuka, hesabu ingegeuka, na wanawake wa Karrawinga wasingelazimika kwenda hospitali iliyo kilomita mia na themanini na uchungu tumboni. Alijua ameshinda.

Lilibaki suala la jozi. Katika Baraza lile, mbunge wa upande mmoja akiugua, upande wa pili humweka mmoja wao nje ili pasiwe na kupunjana, na wote wawili hawahesabiwi. Hakuna sheria inayolazimisha. Ni neno la mtu tu. Kwa wiki tatu Tas Kyriakou, wa upande wa Glenys, alikuwa akikaa mgahawani kila kura ilipopigwa kwa sababu ya ugonjwa wa Des. Glenys akampigia simu.

"Wee Tas, achana na keki. Des karudi."

Kengele ya kura ililia dakika nne. Des aliingia na kuketi kwenye kiti chekundu kando ya Glenys, upande wa wanaopinga. Mlinzi wa mlango alimkumbusha kuhusu tai. Tas naye alikuwa ameshafika mlangoni, anahema, wakati Bronwyn Tasker, mnadhimu wa serikali, msimamizi wa kura zake, aliposimama na karatasi mkononi.

"Jozi hii umeiandika wewe, Glen. Hebu tusomee mwisho wake."

Kwa kawaida huandikwa tarehe. Lakini siku ya kuiandika hii Glenys alimwonea huruma mgonjwa, akaifuta tarehe na kuandika: hadi atakapopona.

"Des, mwenzetu," Bronwyn aliuliza, "umepona?"

Des alifikiri. Hakuwahi kuwa mwongo.

"Hapana. Siwezi kusema nimepona."

Tas alimtazama Glenys, mguu mmoja ndani. Glenys angeweza kuichana ile karatasi. Lakini mbunge wake mwingine angeanza matibabu ya saratani mwezi ujao, na nani angempa jozi mtu wa kiongozi aliyevunja neno lake? Akampungia Tas mkono atoke. Iliumiza, tena sana. Milango ikafungwa: kumi kwa tisa, Des na Tas hawakuhesabiwa, na wodi ikafungwa Ijumaa.

Wiki mbili baadaye, mwalimu mmoja wa Karrawinga alijifungua ndani ya gari kando ya barabara kuu. Mtoto alipona, mama alitokwa na damu, akafa kabla ya kufika hospitalini. Barazani, Glenys akamuuliza Waziri wa Afya kuhusu kifo hicho. Waziri akajibu kwamba hakuna aliyeathirika na utaratibu mpya.

"Mwongo," alisema Des.

Waandishi wa kumbukumbu za Baraza hawakuliandika neno hilo, maana mbunge aliyefariki hana kauli rasmi. Glenys akasimama, akalirudia kwa sauti iliyofika hadi nje ya ukumbi.

"Futa kauli," Mwenyekiti aliagiza.

"Sifuti."

"Mheshimiwa, nakuomba kwa mara ya mwisho."

"Andikeni vizuri," Glenys aliwaambia waandishi. "Mwongo. Halafu mwandike na jina la yule mwalimu, Kerryn Mabbott."

Akatolewa nje kwa siku nzima. Des alimfungulia mlango. Jina la Kerryn Mabbott likaingia ukurasa wa mia nne na kumi na mbili wa kumbukumbu, na Waziri akaendelea na swali lililofuata.