Upepo Kwenye Gurudumu la Nyuma

Mektrida alikuwa anakata majani ya ng'ombe huko Uru, mvua za El Nino zimepumzika kidogo, aliposikia fundi Aminieli akimwita kutoka kwenye banda la shemeji yake, Basili. Alitakiwa mtu wa kukanyaga pedali ya breki ya gari. Basili mwenyewe goti lilikuwa limemvimba, na mkewe alikuwa ameteremka sokoni Moshi. Mektrida akachomeka mundu kwenye mgomba, akafuta miguu, akaenda. Kuchoka alikuwa amechoka tangu asubuhi, lakini ya shemeji huyakatai kwa kusema umechoka.

Banda lenyewe lilisimama kwenye ardhi ya Mektrida. Mumewe, Leodegar, alipofariki, Basili aling'oa masale ya mpaka, mmea ambao Mchagga mwenye akili zake timamu haugusi, akauhamishia karibu na jiko la mjane. Nusu ya kihamba, shamba la urithi, ikaenda, pamoja na migomba yote yenye mikungu ya maana. Kaburi la Leodegar nalo likaenda. Mektrida alilalamika mpaka koo likakauka, lakini mnyonge hana haki, hasa akiwa na binti mmoja tu, Doris, na binti huyo ameolewa Tarakea.

Juu ya ardhi hiyo Basili alikuwa anaunga gari. Alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, na kiinua mgongo chake akampa mzungu mmoja wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao. Akapewa kasha la mbao lenye gari vipande vipande, bodi ya faiba na viti vyake, mnunuzi ajiungie mwenyewe. Injini waliitoa kwenye Foksiwageni iliyokufa. Gari lilikuwa zuri, tusiseme uongo. Tatizo ni breki. Pedali ilizama mpaka sakafuni kama mguu kwenye tope, na kutoka Uru hadi mjini ni mteremko mtupu.

Aminieli alishabadilisha masta silinda na mipira yake yote. Kisha akaanza kubana paipu za magurudumu, moja baada ya nyingine, aone ni ipi ikibanwa pedali inakuwa ngumu. Ikawa ya nyuma kushoto, gurudumu lililokaa juu ya miguu ya marehemu. Humo ndimo mlimokuwa na upepo.

"Shikamoo, mama. Kanyaga, kanyaga, halafu shikilia," alisema kutoka chini ya gari.

"Marahaba, baba." Mektrida akakanyaga, akashikilia. Fundi akafungua skrubu ya kutolea upepo, mafuta yakateremka kwenye mpira mwembamba hadi ndani ya chupa, na povu lilipopasuka sauti ya Leodegar ikauliza, "Mama Doris, ng'ombe amekunywa?"

"Amekunywa," Mektrida akajibu.

"Usiachie, mama," alisema Aminieli, akafunga skrubu.

Leodegar alikufa kwa kiharusi. Kilimkamata ulimi kwanza, akalala siku kadhaa akiwatazama watu, kifua kimejaa maneno. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yanatokea kwenye breki. Jioni ile aliulizia bei ya kahawa, Mektrida akamwambia imeanguka, watu wanang'oa mibuni wanapanda nyanya. Akaguna. Halafu, povu lilipopasuka tena, akasema, "Mpaka wangu ni pale kwenye mti wa mringaringa. Basili anajua."

Mektrida hakurudi hata kuchukua mundu. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Hosea, mkubwa wa ukoo.

Wazee walikuja Jumapili baada ya misa, wakaketi bandani, wakaletewa mbege, pombe ya ndizi. Mektrida akakanyaga, Aminieli akafungua.

"Basili," sauti ikasema ndani ya chupa, "masale tuliyapanda pamoja, mimi na wewe. Mrudishie mke wangu shamba lake."

"Sauti ni yake," alisema Basili, akimpa jirani yake kata. "Siwezi kukataa."

"Nani anakataa?" alisema mzee Hosea. "Lakini tazama, mama. Banda limeshasimama, na gari limefunguliwa namna hii. Tukisema tuhamishe sasa, tutaharibu. Likamilike kwanza, trafiki alikague. Litabeba wagonjwa wa ukoo mzima, hata wewe. Siku likikamilika tunakaa hapa hapa, tunarudisha masale."

"Mnaniahidi?"

"Mbege hii ndiyo shahidi."

Mektrida akaona heri nusu shari kuliko shari kamili.

Tangu hapo alikwenda bandani kila jioni kabla ya kukamua, bila kuitwa. Mapovu yalizidi kuwa madogo. Leodegar aliuliza habari za Doris, akauliza kama paa la jiko bado linavuja. Lilikuwa linavuja.

"Mama, nikuambie ukweli," Aminieli alisema siku moja, akipangusa mikono. "Upepo ukiisha, na mzee ameisha."

"Na ukibaki?"

"Gari halikamiliki."

Iliuma, acha tu. Mtu umeishi naye maisha yako yote, umemzika, umempata tena kwenye chupa ya mafuta, halafu mguu wako mwenyewe ndio wa kummaliza. Lakini sauti haipikwi chunguni, na bila migomba ile angekula nini? Mektrida akakanyaga.

Povu la mwisho lilikuwa dogo mno. "Mama Doris, umechoka," likasema. "Kapumzike." Kisha mafuta yakatoka matupu, na pedali ikawa ngumu chini ya mguu wake. Mektrida alilia pale pale kwenye kiti. Aminieli akajifanya anatafuta spana.

Trafiki alikagua, akaridhika, akapitisha. Basili akawa anateremka mjini akipiga honi kwenye kila kona, wala hakugonga hata kuku.

Wazee walipoitwa walikuja, maana ahadi ni deni. Mbege nyingine ikaletwa.

"Tuliahidi," alisema mzee Hosea. "Lakini kesi haiamuliwi bila shahidi."

"Shahidi mlisema ni mbege."

"Ile tuliinywa, mama. Marehemu na athibitishe, tumalize."

"Si mlimsikia wenyewe?"

"Tulimsikia. Na leo tumsikie."

Mektrida akapanda, akakanyaga, akashikilia. Aminieli akafungua skrubu. Yakatoka mafuta masafi, hakuna povu hata moja. Akafunga, akafungua tena. Basili alivua kofia kwa heshima, na wazee wakainama kuelekea kwenye chupa, wakasubiri kwa uvumilivu kabisa.

"Amenyamaza," mzee Hosea akasema hatimaye. "Na kunyamaza ni kukubali. Masale yabaki yalipo."

Wenzake wakaitikia. Basili akawaongezea mbege.

"Achia, mama," alisema Aminieli kutoka chini ya gari, kwa sauti ya chini. "Hamna kitu humu."

Mektrida hakuachia. Alikaa hivyo, mguu juu ya pedali, mpaka wazee walipomaliza kunywa, wakamuaga mmoja mmoja.