Damu ya Karafuu Haikuulizwa Vizuri

Jana Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Bwana mifugo Kileo alisema damu ya farasi jike wetu, Karafuu, imekutwa na malale ya kupandana, yale ambayo dume humwambukiza jike. Hayo hayatibiwi, farasi hupigwa risasi. Karafuu alipozaliwa, aliyempokea ni marehemu mke wangu, Aikande, kwa mikono yake. Nikabisha. "Mzee, kipimo kimeshasema," akanijibu. Wakubwa ndivyo walivyo.

Usiku huo wa jana niliota niko maabara. Kondoo amekaa kwenye benchi, amekunja nne.

"Wewe umefuata nini?" namuuliza.

"Damu yangu ndiyo wanayopimia. Ikiyeyuka, farasi mzima. Ikituama chini kama kifungo, farasi marehemu."

Ikatuama. Kileo akakiokota kile kifungo, akakishona kwenye koti lake jeupe, akakata uzi kwa meno.

Mara maabara si maabara tena, ni wodi aliyofia Aikande akimsubiri daktari aliyekwenda semina. Mwenyewe yupo, kavaa gauni la wodi, ameshika kichupa cha damu ya Karafuu.

"Baba Nuru, umeshanuna," anasema. "Hata salamu hujanipa. Hebu iulize damu."

Nikaiuliza.

"Waliniuliza kama nimeonja malale," damu ikasema. "Nikasema ndiyo. Ya dume au ya mbung'o, hakuna aliyeuliza."

"Ya mbung'o yana sindano!" nikapiga kelele.

"Punguza sauti, wagonjwa wamelala," akasema Aikande.

Kileo akacheka. "Mbung'o huku walikwisha. Nilitangaza mwenyewe mkutanoni."

"Mimi sikualikwa," ikasema sauti dirishani. Ni mbung'o, amevua kofia. "Mama, nimng'ate nani ili waamini?"

Aikande akaninyooshea kidole. "Huyu. Ngozi yake naijua, itavumilia."

Nikaamka nimejipiga kofi shingoni. Kiganjani kuna nzi, mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa, mbung'o kabisa.

Asubuhi Kileo kaja na bunduki. Nikamwekea yule nzi mezani, kwenye kisosi. Akamtazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akarudisha bunduki garini, akamtoa Karafuu damu nyingine ikapimwe upya, safari hii waulize ni malale ya nani. Karafuu sasa hivi anatafuna majani, namsikia.

Nilimuuliza Kileo jambo moja tu: mliposema mbung'o wamekwisha, mlimuuliza nani?