Buti la Kushoto

Tangu dhoruba ile, mke wa fundi viatu hakuchota tena unga wa chini ya debe. Alichota juu juu, akalijaza kabla halijapungua, na kila alipofunika alisikia, au alidhani anasikia, bahari ikipumua humo ndani.

Ilikuwa alasiri king'ora kilipolia. Meli ya mizigo ilikuwa imepanda mwamba, na mashua ya uokozi ilihitaji wapiga makasia wanane. Mumewe alikuwa wa nane. Alipokwenda uani kuchukua koti, yeye alitazama dirishani akaona bahari ilivyochafuka, nyeupe pe kwa povu. Mkono wake ukatenda kabla akili haijauliza.

"Fundi viatu mzima huna kiatu?" kaka yake, nahodha wa mashua, alitania mlangoni, mvua ikimchuruzika kidevuni. "Haya shemeji, sisi tunatangulia. Utatukuta."

Hakuwakuta. Walikwenda saba, kasia moja limelala bila mtu, na mashua ikapinduka kabla ya kuifikia meli. Meli nayo ikazama na watu wake. Hata kofia ya kaka haikurudi.

Watu walisema wimbi lile lingewashinda hata wangekuwa ishirini. Yeye hakuliamini neno hilo. Fundi alizidi kuwa mkimya, akigonga soli kama mtu aliye usingizini, na mwaka ukapita juu yao polepole.

Asubuhi mashua mpya ilipowasili, alimkuta mumewe akishona buti jipya la kushoto, la kuoana na la kulia lililobaki. Miguu ikampeleka jikoni. Alizamisha mkono debeni hadi kwenye kiwiko. Alijua anarudi kwenye chumba cha kazi akiwa na mume, na huenda akatoka hana.

Aliliweka buti la zamani mezani. Unga ukamwagika juu ya ngozi.

"Mimi ndiye niliyelificha," alisema. "Niliogopa. Ukitaka niondoke, nitaondoka."

Fundi alilifuta kwa kiganja, taratibu, mpaka rangi yake ikaonekana.

"Siku ile ulikuwa na unga hadi kwenye kiwiko," alisema, "na jikoni hapakuwa na moto."

Alishika sindano, akaiweka tena.

"Nilitafuta kila mahali, mke wangu. Uvunguni, uani, mpaka bandani kwa kuku. Kwenye debe sikutazama."

Nje walianza kukijaribu king'ora. Mezani palikuwa na mabuti matatu, mawili ya kushoto, na kwa kitambo hakuna kati yao aliyenyoosha mkono.